Meya wa nauli ya senti tatu

Rushwa ya jiji inapozungumzwa, swali la kwanza huwa ni nani amekula. Majina hutajwa, diwani huyu na ofisa yule. Uchaguzi ukifika wanatupwa nje, wanaingia wengine wenye sifa ya uadilifu, na haipiti miaka mingi majina mapya yanatajwa kwa kosa lile lile. Tom Loftin Johnson, aliyekuwa meya wa Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, kuanzia mwaka 1901 hadi 1909, aliona kuwa swali hilo linaanzia mahali pabaya. Yeye alianzia kwa aliyetoa. Alikuwa anataka nini? Jiji lina kitu gani chenye thamani kubwa kiasi kwamba watu wenye mabenki na heshima zao wako radhi kununua madiwani ili wakipate? Jibu lake lilikuwa kwamba jiji linagawa upendeleo: haki ya pekee ya kutandaza reli barabarani, haki ya kupitisha nyaya, nafuu ya kulipa kodi ndogo kuliko anayolipa jirani. Kwa hesabu yake, maadamu haki hizo zinagawiwa watu binafsi, hawatakosekana wa kuzinunua wala wa kuziuza, hata ukiujaza ukumbi wa jiji wacha Mungu watupu. Naamini Johnson alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na kwamba maisha yake, kushindwa kwake kukiwemo, ndiyo ushahidi mzito kuliko hotuba zake zote.

Alizaliwa Julai 18, 1854, karibu na Georgetown, Kentucky, katika familia ya wenye ardhi iliyoegemea upande wa majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1865, familia ilikuwa imefilisika na imejibanza katika mji wa Staunton, Virginia. Treni iliyofika hapo ilikuwa moja tu kwa siku. Kondakta wake alimpenda yule mtoto wa miaka kumi na moja, akamwahidi kwamba hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuleta magazeti kwa treni hiyo. Tom akawa anauza gazeti kwa senti 15, na lenye picha kwa senti 25, bei ambazo mnunuzi alizikubali kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Katika wiki tano alikusanya dola 88 za fedha, na pesa hizo ndizo zilizoisaidia familia kuondoka pale. Kisha kondakta akabadilishwa, na biashara ikafa siku hiyo hiyo. Johnson alikieleza kisa hiki mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na hakukitaja kama sifa ya bidii ya kijana maskini. Alikitaja kama somo lake la kwanza la ukiritimba: magazeti hayakubadilika, muuzaji hakubadilika, wateja walikuwa wale wale, kilichoondoka ni mlango uliokuwa umefungwa kwa wengine.

Mwaka 1869 alipata kazi katika kampuni ya tramu za farasi mjini Louisville, iliyomilikiwa na watu wa ukoo wa du Pont, na hapo akapanda vyeo upesi. Akiwa bado kijana alibuni sanduku la nauli la kioo. Abiria alitumbukiza sarafu yake, nayo ikateremka mahali ambapo ingeonekana kabla ya kuangukia chini, hivyo sarafu bandia ilitambulika papo hapo na pesa hazikupita mikononi mwa mtu njiani. Ni kifaa kidogo, lakini kinaonyesha jinsi alivyofikiri. Badala ya kuwahubiria wafanyakazi uaminifu, alitengeneza njia ya fedha iliyomwondolea mtu nafasi ya kudokoa. Sanduku hilo lilimpa mtaji. Kwa mtaji huo na mkopo kutoka kwa du Pont mmoja alinunua tramu za Indianapolis, na mwaka 1879 akaingia Cleveland, alikokutana na mfanyabiashara mwingine wa tramu, Mark Hanna, ambaye baadaye angeongoza kampeni ya William McKinley ya urais na kuwa seneta. Hao wawili walipambana kwa miaka mingi wakiwania barabara zile zile.

Hapa inafaa kueleza biashara yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu hoja nzima imejengwa juu yake. Barabara ya mjini ina upana wake. Ukishatandaza reli katikati, mshindani hana pa kutandaza zake. Kwa hiyo mwenye kibali cha baraza la jiji, ambacho kwa kawaida kilidumu miaka ishirini au zaidi, aliimiliki barabara kwa vitendo ingawa ilijengwa na kutunzwa kwa kodi za wananchi. Jiji likiongezeka watu, abiria waliongezeka bila yeye kufanya lolote. Na Cleveland iliongezeka kweli: kutoka watu 381,768 mwaka 1900 hadi 560,663 mwaka 1910. Wenye kampuni walitoa hisa zenye thamani ya kwenye karatasi iliyozidi mbali gharama ya mabehewa, reli na farasi, na tofauti hiyo haikuwa kitu kingine ila bei ya kibali. Kisha wakadai nauli ya senti tano kwa maelezo kwamba wenye hisa lazima wapate gawio lao. Abiria, kwa lugha nyepesi, alikuwa akilipia haki ya kutumia barabara yake mwenyewe, na jiji ndilo lililoigawa haki hiyo, mara nyingi bure. Ukishaliona hilo, hushangai kwa nini wenye tramu walitaka madiwani wao wenyewe ndani ya baraza.

Johnson hakuliona mapema. Kilichomfumbua macho ni kitabu cha Henry George kuhusu matatizo ya jamii, alichokinunua safarini ndani ya treni kwa ushauri wa kondakta. Baadaye alikisoma kile kikubwa zaidi cha mwandishi huyo, kinachodai kwamba thamani ya ardhi huletwa na jamii nzima na hivyo ndiyo inayostahili kutozwa kodi. Alimpelekea mwanasheria wake, akamtaka aonyeshe kosa lilipo, maana kama hakuna kosa, yeye Johnson angelazimika kubadili mwenendo. Mwanasheria alihangaika nacho na mwisho akasalimu amri. Kisha ikaja Johnstown, Pennsylvania, ambako Johnson na mwenzake Arthur Moxham walikuwa na kiwanda na tramu. Mei 31, 1889, bwawa lililomilikiwa na klabu ya mapumziko ya matajiri lilipasuka, mafuriko yakaua watu zaidi ya 2,200. Katika siku za baada ya maafa, tramu zilizosalia zilibeba watu bila nauli. Johnson aliona mabehewa yanatembea, watu wanafika waendako, na dunia haipinduki. Wazo la usafiri wa mjini kama huduma ya wote, mfano wa maji na taa za barabarani, halikumtoka tena kichwani.

Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe. Huyu mtu alitajirika kwa vibali vya tramu na kwa chuma, na hata baada ya kumsoma George hakuacha biashara mara moja. Katika miaka ya 1890 alikuwa na hisa katika tramu za Detroit, na meya wa huko, Hazen Pingree, alipambana naye kwa ajili ya nauli ya senti tatu, ile ile ambayo Johnson angeipigania Cleveland. Maadui zake walimwita mnafiki, na kwa mtazamo wa kwanza wanaeleweka. Lakini tuangalie alitenda nini alipopata nafasi ya kutunga sheria. Alikuwa mbunge wa Marekani kuanzia 1891 hadi 1895, na huko alipigania kuondolewa kwa ushuru wa kulinda reli za chuma wakati kiwanda chake mwenyewe kilitengeneza reli hizo hizo. Hakuficha kwamba ushuru ulimnufaisha, na alisema wazi kwamba, kama mfanyabiashara, angeendelea kuchukua faida ambayo sheria inampa, lakini kama mbunge angepiga kura sheria hiyo ifutwe. Msimamo huo unakera, na mimi ningempenda zaidi kama angejitoa mapema. Hata hivyo unaendana kabisa na hoja yake. Kama tatizo lingekuwa tabia ya mtu mmoja, Johnson kujitoa kungelimaliza. Kwa kuwa tatizo ni haki ya pekee, angejitoa yeye, hisa zingenunuliwa na mwingine kabla ya jua kuzama, na abiria angeendelea kulipa senti tano.

Alichaguliwa meya Aprili 1901 kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alikimbilia kuapishwa siku chache tu baada ya uchaguzi, kwa sababu zuio la mahakama lilikuwa linakaribia kwisha na utawala uliokuwa ukiondoka ulikuwa tayari kuyapa makampuni ya reli ardhi ya jiji kandokando ya Ziwa Erie. Akaiokoa. Halafu akageukia kodi, jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka na ambalo kwangu ndilo kiini cha utawala wake. Alimpa Peter Witt, fundi wa kalibu za chuma aliyekuwa na ulimi mkali, kazi ya kuendesha ofisi iliyopewa jina la utani la shule ya kodi. Ofisi hiyo ilichora ramani za mitaa zikionyesha kila kiwanja kilikadiriwa thamani gani. Mwenye nyumba ndogo aliweza kuona kwamba kiwanja chake kimekadiriwa karibu na bei ya soko, na kwamba kiwanja kikubwa cha katikati ya mji kimekadiriwa kwa sehemu tu ya bei yake. Hakuna mhubiri aliyehitajika pale, ramani ilitosha. Makampuni ya reli na ya huduma, yaliyokuwa yakilipia mali zao kana kwamba ni vyuma chakavu, yalihamaki, na kazi ya ofisi hiyo ilizuiwa kwa amri ya mahakama. Mahakama hazikuishia hapo. Mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Ohio iliamua kwamba sheria maalumu zilizounda serikali za majiji, ikiwemo ya Cleveland, hazikubaliani na katiba ya jimbo, ingawa mfumo huo ulikuwa umevumiliwa kwa miaka mingi. Bunge la jimbo likaandika sheria mpya iliyoyapunguza na kuyatawanya madaraka ya meya.

Yeye akapeleka siasa hemani. Alinunua hema kubwa kama la sarakasi, likawa linahamishwa kutoka mtaa hadi mtaa, na ndani yake hakuwa na utaratibu wa kumzuia mtu kuzomea au kuuliza. Aliyataka maswali. Johnson, mwanamume mnene mwenye uso wa bashasha, alielezea bei ya hisa na masharti ya vibali kwa watu waliotoka viwandani jioni hiyo, na walimfuata hesabu kwa hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kila siku: kibarua aliyelipwa kama dola moja na nusu kwa siku alipanda tramu kwenda na kurudi kwa senti kumi, na kwa nauli ya senti tatu angelipa sita. Kwa wiki ya siku sita za kazi angebakiza senti 24. Walioishi kwenye majumba ya Euclid Avenue waliona ni kitu cha kuchekesha, meya mzima kupigania senti mbili. Lakini senti mbili hizo, zikizidishwa kwa abiria wote wa jiji kwa miaka yote ya kibali, ndizo zilizokuwa thamani ya zile hisa za karatasi, na ndiyo maana kampuni zilipigana kufa na kupona. Zuio lilifuata zuio mahakamani, makumi kwa makumi. Mwezi Novemba 1906 tramu za kwanza za senti tatu zilianza kutembea, na Johnson aliendesha moja kwa mkono wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Cleveland ya Johnson ilisifiwa kwa sababu ya watu aliowachagua. Harris Cooley, mchungaji aliyepewa idara ya wafungwa na maskini, aliwaachia mamia waliofungwa kwa kushindwa tu kulipa faini, akaanzisha shamba kubwa huko Warrensville ili wazee, wagonjwa na wafungwa wakae kwenye hewa safi. Edward Bemis, mchumi kutoka nje ya jimbo, alikabidhiwa idara ya maji, na akakataa katakata kuifanya ghala la ajira za wanachama. Newton Baker, wakili kijana, aliendesha kesi za jiji, na baadaye akawa waziri wa vita wa Marekani. Mabango ya kukataza watu kukanyaga nyasi yaling'olewa kwenye bustani, viwanja vya watoto vikafunguliwa, nyama na maziwa vikakaguliwa. Mwandishi Lincoln Steffens, aliyekuwa amezunguka nchi akifichua uozo wa majiji, aliandika mwaka 1905 kwamba Johnson ndiye meya bora wa jiji linalotawaliwa vizuri kuliko yote Marekani. Je, haya hayathibitishi kwamba watu wema ndio dawa? Wakosoaji waliongeza kwamba Johnson mwenyewe alikuwa bosi wa chama, aliyeamua nani agombee nini, na hilo ni kweli. Jibu langu ni kwamba wema wa Cooley na Bemis ulifanya kazi vizuri zaidi mahali ambapo hakukuwa na kibali cha kupigania. Hakuna kampuni iliyotajirika kwa kufunga masikini, wala maji hayakuwa na mwenye hisa, kwani yalikuwa ya jiji. Palipokuwa na kibali, yaani kwenye tramu, watu wale wale wenye akili na moyo ule ule walikesha miaka minane mahakamani. Uadilifu wa maofisa haukutofautiana. Kilichotofautiana ni mali iliyokuwa mezani.

Kushindwa kwake nako kunastahili kutazamwa bila kukwepa. Sheria ya Ohio haikuruhusu jiji kumiliki tramu, kwa hiyo washirika wake waliunda kampuni ya udhamini isiyotafuta faida, ikakodi njia zote Aprili 1908. Siku ya kwanza abiria walipanda bure. Halafu mambo yakaharibika. Mdororo wa uchumi uliotokana na msukosuko wa mabenki wa 1907 ulikuwa umepunguza mapato. Kampuni mpya ilikataa kuutambua mkataba wa mishahara ambao chama cha wafanyakazi kilidai kiliahidiwa na kampuni ya zamani, na mwezi Mei ukazuka mgomo uliofuatana na fujo na baruti relini. Huduma zikapunguzwa ili senti tatu zitoshe, watu wakangoja vituoni wakinung'unika. Oktoba 1908 kura ya maoni ikakataa mpango mzima kwa tofauti ya kura mia chache, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na Novemba 1909 Johnson akaangushwa na Herman Baehr, mgombea asiye na makeke. Naona kosa kubwa hapo lilikuwa lake na la wenzake. Aliyekesha hemani akiwasikiliza wananchi hakuwasikiliza ipasavyo makondakta na madereva, na alitaka kuonyesha ushindi wa nauli kabla hesabu hazijatulia. Lakini kura ile haikurudisha mambo yalikotoka. Mwaka 1910 jiji na kampuni walikubaliana masharti yaliyosimamiwa na Jaji Robert Tayler: gawio la wenye hisa lisizidi asilimia 6, nauli ipande au ishuke kufuatana na gharama halisi, na jiji liwe na kamishna wake wa kukagua. Nauli ilianzia senti tatu. Kibali kilikuwa kimetolewa pumzi, na wenye hisa hawakuwa tena na faida isiyo na kikomo ya kuwafanya wamhitaji diwani. Johnson aliyaona haya akiwa mgonjwa, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imekwisha. Alifariki Aprili 10, 1911, akiwa na miaka 56, akazikwa Brooklyn, New York, karibu na kaburi la Henry George.

Ndoto yake kubwa, kodi inayotegemea thamani ya ardhi peke yake, haikutimia Cleveland, na sioni dalili kwamba alikuwa na njia ya kuifikia akiwa meya tu. Ile ya huduma za umma ilikwenda mbali kumzidi. Mwaka 1912 wapiga kura wa Ohio waliyapa majiji mamlaka ya kujiandikia katiba zao. Mwaka 1942 jiji la Cleveland lilinunua tramu zote. Na kituo kidogo cha umeme, ambacho jiji lilikipata wakati wa Johnson kwa kuunganisha mji jirani wa South Brooklyn, kilifungua njia kwa kile kikubwa kilichojengwa chini ya Baker, na shirika lake la umeme lingali linafanya kazi likishindana na kampuni binafsi. Shirika hilo lilijaribiwa vikali mwezi Desemba 1978. Jiji lilikuwa na madeni, na meya Dennis Kucinich aliamini kwamba mabenki yalikuwa yakitumia madeni hayo kumshinikiza auze umeme wa jiji kwa kampuni hiyo shindani. Alikataa kuuza, na Cleveland ikashindwa kulipa mikopo yake. Wapo wanaosema ukaidi wake uliliumiza jiji, na hasara ilikuwepo kweli. Miezi miwili baadaye, Februari 1979, wananchi waliulizwa kwenye sanduku la kura kama umeme wao uuzwe na kama wako tayari kujiongezea kodi ya mapato ili madeni yalipwe. Walikataa kuuza, wakakubali kuongeza kodi.